Mkate wa Kamshat

Mama alikuja kwenye kituo cha kurushia roketi kwa treni kutoka kwetu Aralsk, kapakata mkate mmoja uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Kwetu, anayekwenda mbali hung'ata mkate kabla ya kutoka, na uliobaki hutundikwa ukutani umngoje. Mkate usio na alama ya meno hautundikwi. Na asiyetundikiwa mkate, kwa imani ya Mama, harudi.

Dada yangu Kamshat alikuwa anakwenda angani.

Tulimkuta nyuma ya kioo, katengwa asije akapanda na mafua. Daktari aliutazama mkate, akatikisa kichwa.

"Hakuna kinachopita hapa, mama."

"Wewe ulizaliwa na mashine?" Mama akamjia juu. "Kipande tu!"

Kamshat alicheka kwenye kipaza sauti, likaonekana pengo lake la mbele, pengo la marehemu baba, ambalo hata mimi ninalo. "Mama, usimgombeze, ataninyima safari bure."

Nami, mdomo haujui kutulia, nikachochea: "Kompyuta zote zile, Mama, halafu arudishwe na mkate wako?"

Mama aliufunga tena mkate kwenye kitambaa, akaupakata.

Kesho yake mchana tulisimama uwandani, upepo ukitupiga vumbi. Kamshat alikwisha fungwa mikanda kileleni mwa roketi. Mama kaipa mgongo. "Siwezi kumtazama mtoto anayeondoka hivi hivi," alisema. Spika ikatangaza dakika moja. Ghafla akafungua kitambaa, akanisukumia mkate mdomoni.

"Ng'ata, Raushan! Pengo ni moja, damu ni moja. Ng'ata kabla hajaondoka!"

Utani uliniisha. Niling'ata.

Moto ukawaka kimya, kisha ngurumo ikatufikia, ikatuingia kifuani, ardhi ikatetemeka mpaka magotini. Roketi ikajiinua polepole, halafu mbingu ikaivuta. Mama aligeuka akatazama. Kipande cha mkate kilikuwa bado mdomoni mwangu. Mtu niliyemsuka nywele kabla hajatengwa alikuwa juu ya moto ule! Nililia bila aibu.

"Wakianza kwenda Mirihi, safari itakuwa ya miaka," Mama alisema, shingo kaiinua. "Mkate utavumilia?"

"Utakauka tu, Mama."

"Na watakaozaliwa hukohuko?"

Nikawaza ukuta wa huko, vumbi jekundu dirishani, na bibi mmoja akimtundikia mkate mjukuu anayekuja kututembelea sisi. Kichwa kilinizunguka kwa furaha na hofu.

Kamshat alirudi theluji ilipoyeyuka, akitembea kama mtoto anayejifunza. Mama akaushusha mkate ukutani, mgumu kama jiwe. Kamshat akauweka mdomoni, na meno yake yakakaa palepale penye alama. Akashangaa.

"Nani aliung'ata?"

"Wewe," alisema Mama, akimsogezea chai ya kuchovya.

Nami nikaitikia kwa kichwa.