Pikapu Iliyosawazishwa

Fundi alilala chali juu ya kipande cha boksi, akanyoosha mkono na kuomba futi. Mwenye gari, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, akampa. Fundi akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ukingo wa madigadi, kisha akajiburuza nyuma akapima vivyo hivyo.

"Dereva, gari lako linaangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano."

"Lilitoka hivyo kiwandani."

"Ndiyo. Wameliinua nyuma makusudi, ukipakia mzigo likae sawa."

"Na nikishaushusha mzigo?"

"Linarudi kutafuta sindano yake."

Pikapu ile aliachiwa na baba yake. Dereva aliitumia kupeleka saruji na mchanga kwenye majengo yaliyokuwa yakiinuka nje ya mji, na huko njia zilikuwa na mashimo ambayo bampa la mbele lilikuwa limeyachimba zaidi. Alichoka kuendesha huku ameinama. Ndiyo maana alinunua vipande viwili vya kuinulia sehemu ya mbele. Havikutoka kwa walioitengeneza pikapu. Vilitengenezwa na watu wengine kabisa, vya aluminiamu, mviringo, vizito mkononi, na kwenye mfuko vilimokuja hapakuwa na maelezo yoyote.

Fundi aliiweka pikapu juu ya stendi, akavua matairi ya mbele, akafungua shokapu pamoja na springi yake, akaweka kipande juu ya kila moja, akarudisha na kukaza. Akakagua mipira ya breki, asije akaivuta. Alipoishusha chini, akalaza pimamaji juu ya boneti. Kiputo kikaenda katikati kikatulia. Akalaza pimamaji kwa upana, kiputo kikabaki palepale. Akaiinua, akaiinamisha mkononi huku na huku kama mtu anayekagua samaki, na kiputo hakikutoka katikati. Fundi akaitazama kidogo, akaitia mfukoni.

"Sawa?" akauliza.

"Sawa," akajibu Dereva, na ilikuwa kweli.

Siku iliyofuata alikuwa akipakia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mkuu wa stoo alitoka na kikombe chake cha chai, akamwendea mpagazi waliyemwita Mgongo.

"Mgongo, ile likizo yako tuisogeze mbele kidogo tena. Sawa?"

"Sawa, bosi."

Pikapu ikainama mbele. Haikuanguka wala kutoa mlio, ilishuka polepole kama mtu mzima anayepiga goti. Dereva akachungulia chini ya bampa. Hakuona kitu kilichovunjika.

"Mgongo, hebu rudia ulichosema."

"Nimesema sawa."

Ikashuka tena.

"Sasa sema la moyoni."

Mgongo alimtazama bosi, akaitazama pikapu. Akavua glavu. "Si sawa," akasema. "Mwanangu wa mwisho ananiita mjomba."

Pikapu ikapanda, ikasimama ilivyokuwa. Wapagazi wote waliweka mifuko chini. Vumbi la saruji lililokuwa likielea hewani lilishuka lote kwa pamoja likatulia sakafuni.

"Kumbe," akasema mkuu wa stoo. Akanywa chai yake. Likizo ikasogezwa mbele.

Dereva aliirudisha pikapu kwa fundi. Fundi alikaa chini yake asubuhi nzima, akatoka na grisi hadi kwenye nyusi.

"Vipuri vizima, nati zimekaza. Kasoro haimo kwenye chuma."

"Imo wapi?"

"Imo kwenye neno. Na mimi, dada yangu, sifungui maneno."

Habari haikukawia kuenea. Watu walianza kupita kwa Dereva kila jioni pikapu ikiwa uani. Hawakuja na kelele. Wanaume walizima redio zao kwenye kona, wanawake waliwashika watoto mikono. Mchumba alimleta mchumba wake. Mwenye nyumba mmoja aliletwa na mpangaji wake, akaondoka kabla hajaulizwa lolote. Kila "sawa" ya uongo iliinamisha pikapu kwa kadiri ya uongo wenyewe, na mtaa ukajifunza jinsi neno lile lilivyokuwa limechoka: walikuwa wakilisema mlangoni, kazini, kitandani, kwenye simu, badala ya kusema usinifanyie hivi.

Lakini siku moja alikuja seremala mzee asiyeona, ameshikwa mkono na mkewe. Mke akaweka kiganja cha mumewe juu ya madigadi.

"Bwana, maisha haya uliyoishi na mimi. Sawa?"

Mzee alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa haraka, hata misumari yake ilingoja.

"Sawa," akasema.

Pikapu haikutikisika. Kilichotikisika ni mtaa. Milango iliyokuwa ikikwama miaka mingi ilifunguka yenyewe na kubaki wazi. Maji ya mfereji yakasimama, hayakujua tena upande wa kwenda. Mpira wa mtoto uliokuwa ukibingirika ukakoma katikati ya barabara. Watu wote waliokuwapo walihisi nyayo zao zote zimegusa ardhi, kisigino, katikati ya wayo na vidole vyote, na wakatambua kwamba tangu wajifunze kutembea walikuwa wakisimama kwa upande. Wengine walilia bila huzuni. Kisha yule mke akasema, "Haya, twende, umeacha gundi wazi," na mtaa ukarudi kwenye mteremko wake.

Dereva aliyaona yote hayo kutoka dirisha la chumba cha mbele. Ndicho chumba alichomuuguzia mama yake. Humo alimwosha, alimgeuza ubavu kwa ubavu, alimlisha kwa kijiko, naye alilala sakafuni miguuni pa kitanda hadi mama alipofariki. Sasa alilala kitandani. Kaka yake mkubwa, ambaye wakati wa ugonjwa alikuwa akipiga simu kila sikukuu, alikuwa amehamia nyumbani na mkewe na masanduku yao, na alikuwa ameitisha kikao.

Kikao kilikaa uani Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Kaka Mkubwa aliitazama pikapu.

"Hiyo itoe nje kwanza."

"Ni gari la baba," akasema Dereva. "Iache isikilize."

"Iache," akasema Baba Mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya ndugu yake kufa. "Kaka yangu aliipenda kuliko sisi."

Wakacheka. Baba Mdogo akarekebisha kofia yake, akaeleza. Nyumba ni ya mtoto wa kiume, jambo linalojulikana. Chumba cha mbele kina nafasi na hewa, kitamfaa Kaka Mkubwa na mkewe. Kule nyuma kuna stoo. Ina dirisha, ingawa dogo. Ikitolewa magunia na kupigwa chokaa, mtu mmoja anaishi vizuri tu.

"Tena karibu na bomba, wifi," akasema mke wa Kaka Mkubwa. "Hutabeba ndoo mbali."

"Nilizibeba mbali wakati mama mgonjwa, wifi. Sikukuona ukinipokea."

"Jamani," akasema Baba Mdogo. "Tusifike huko. Binti yangu, wewe ni mtu mzima, umetulia, hujawahi kutusumbua. Sawa?"

Macho yote yaligeukia pikapu. Dereva naye aliitazama. Alijua. Alitaka nao wajue, wote kwa pamoja, mchana kweupe, bila yeye kulazimika kupiga kelele.

"Sawa," akasema.

Pikapu ikashuka. Bampa likagusa udongo, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi zaidi, udongo ukaachia. Taa za mbele zikazama. Boneti ikazama. Magurudumu ya nyuma yakainuka, yakapita madirisha, yakapita bati, na bodi la mizigo likasimama wima juu ya ua kama mlango uliofunguliwa angani. Kutoka humo zilimwagika punje za mchanga wa safari zote, zikashuka taratibu juu ya vichwa vya ukoo mzima. Shimo lile lilikuwa refu. Waliokaa karibu walisikia kutoka chini yake sauti ya kijiko kikigonga ukingo wa bakuli.

Hakuna aliyekimbia. Baba Mdogo alivua kofia. Kaka Mkubwa alisimama, mikono ameikunja mbele kama mtu aliye makaburini.

"Nimeona," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi," akasema mkewe. "Wifi, Mungu anisamehe, nimeona."

Wakaendelea kuitazama. Ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani, na hakuna hata mmoja aliyesema si kweli. Dereva aliwangoja.

"Binti yangu," akasema hatimaye Baba Mdogo, na machozi yalikuwa yamemfika kwenye ndevu, "sema la moyoni."

"Si sawa, Baba Mdogo. Si sawa hata kidogo. Nilimzika mama mara elfu kabla nyinyi hamjaja kumzika mara moja. Chumba kile ni changu."

Pikapu ikaanza kurudi. Magurudumu ya nyuma yalishuka kwa upole, boneti ikatoka udongoni, taa zikatoka zikiwa safi. Shimo likajifunga. Ikasimama uani kwa miguu yake yote minne, imenyooka kuliko siku ilipotoka kwa fundi. Watoto walipiga makofi. Watu wazima walishusha pumzi, wakashikana mabega, na Kaka Mkubwa akaifuta boneti kwa kiganja chake.

"Mmeona wenyewe," akasema Baba Mdogo, akivaa kofia. "Liko sawa."

Gari halikuinama, kwa kuwa alikuwa akilizungumzia gari.

Kabla jua halijazama walikuwa wamekitoa kitanda cha Dereva kwenye chumba cha mbele. Walikibeba wanne, kwa heshima, bila kukigonga popote. Kaka Mkubwa mwenyewe alipiga chokaa kwenye stoo, mara mbili.