Chumvi Inapopanda Mto

Asubuhi ile mwanga ulishuka ukakaa juu ya maji, ukagoma kuzama. Maji yalikuwa mazito, ya kijani, na wewe, dada yangu, ulikuwa umesimama humo hadi mapajani, mkononi una chaza watatu waliofumbua vinywa. Uliwanusa, ukawatupa. Ukaniambia, "Wewe si msomi wa maji? Haya, yaulize."

Hapa mto unapokutana na bahari ndipo ulipoanza upya. Ulifiwa na mume ukaja kwenye tope hili na vigingi na kamba, ukafuga chaza, na tope likakulea wewe na wanao miaka tisa. Sasa chaza walioning'inia kwenye kamba walikuwa wakifa, kamba hii leo, kamba ile kesho. Kila mtu alinyoosha kidole kwenye kiwanda cha ngozi. Nami, nikuambie kweli, nilitamani kiwe ndicho.

Nikachota, nikapima, nikaandika. Vituo kumi na viwili, kutoka baharini hadi darajani, maji yakijaa na maji yakipwa. Watu wakaniita Daktari wa Maji. Muuza chai wa darajani hakuacha kuniuliza mgonjwa wangu kaamkaje, nami nikimjibu kuwa bado ana homa.

Homa yenyewe ilikuwa hii. Kiangazi mto ulikonda, chumvi ikapanda. Ikapita vigingi vyako, ikapita kiwanda, ikafika kwenye matete ambayo hayakuwahi kuionja. Mto haukuwa na nguvu tena ya kusukuma kitu kwenda baharini. Na maji yaliyotuama yalikuwa yameshiba mno: mbolea, dada, chakula cha mashamba, imeyeyuka na kuja kulisha utando wa kijani. Utando ukala, ukanenepa, ukafa, ukaoza, na kuoza kwake kukamaliza hewa yote iliyokuwa majini. Chaza wako hawakulishwa sumu. Walikosa pumzi.

Nikachota, nikapima, nikaandika, nikipanda kuitafuta mbolea ilikotoka. Chini ya kiwanda, nyingi. Juu ya kiwanda, nyingi vilevile. Kituo cha kumi na moja ni pale mfereji unapotoka kwenye kabichi za baba yetu. Hapo namba iliruka. Nilirudia mara saba. Niliosha vyombo upya, nikabadili dawa za kupimia, nikailaumu mashine. Mashine haikuona haya.

Siku tatu karatasi ile ililala mkobani mwangu. Kabichi zile ndizo zilizonisomesha. Kumbe baba alinipeleka shule nikajifunze kumshitaki.

Hili hukuliona, dada, kwa hiyo nakusimulia. Nilimkuta shambani anakwangua udongo kwenye jembe. Nilimweleza yote, polepole, naye hakunikatiza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyewaua chaza wa mwanangu?"

"Si wewe peke yako, baba. Mashamba yote ya ukingoni yamo, na pampu zinazonyonya mto nazo zimo. Lakini na sisi tumo."

Alililaza jembe chini. Baadaye akaniambia kwamba tangu ardhi ichoke alikuwa akiongeza kiganja cha mbolea kila msimu, na mvua ikiiosha, anarudia. Hakuwahi kujiuliza mvua inaipeleka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kuja kukueleza mimi. Alikataa. Akaingia ndani, akamwomba mama shati safi, akalivaa.

Yaliyofuata unayajua. Baba, mtu asiyependa tope la chumvi hata kulitazama, alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Aliteleza mara mbili. Mimi nilibaki ukingoni, na katika maneno yake machache nililisikia moja tu: "Maji yangu ndiyo yaliyokufikia." Ulitazama kando kitambo kirefu. Kisha ukampa mkono, maana tope lilikuwa linammeza, mkatoka pamoja.

Hukumsamehe siku ile, na sikukulaumu. Miezi ilipita ukikatiza kando ya kabichi zake bila kugeuza shingo. Naye hakukuomba kitu. Alipanda matete kandokando ya mfereji yainase mbolea kabla haijafika mtoni, akaanza kupima mbolea kwa kijiko, akawaendea majirani mmoja mmoja kuwasihi wapokezane pampu kwa zamu. Wengine walimcheka. Wengine wakakubali, shingo upande.

Hiki ni kiangazi cha pili. Chumvi imepanda tena, lakini safari hii imeishia kiwandani. Leo asubuhi umenikuta nachota, ukauliza kama mbolea bado ni nyingi. Nikakuambia bado, ila imepungua kwa theluthi. Ulikuwa unafunga kamba mpya, chache tu, za chaza wachanga wasiozidi ukucha.

Na mwanga ukashuka, ukayapita maji, ukafika hadi kwenye vidole vya miguu yako, chini kabisa, topeni.

"Mchana baba anakuja kunishikia kamba," ukasema, bila kuinua kichwa. "Na mama akikuuliza, sema amejileta mwenyewe. Usiseme nimemwita."