Mzee Wabuge Ashindwa Kunyamaza

Kitendawili! Akiwa hai analala zizini, akifa anaamsha watu wacheze. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni litungu, kinanda cha Wabukusu: ngozi ya ng'ombe, na zamani hata nyuzi zake zilitoka kwa huyo huyo ng'ombe.

Mzee Wabuge wa Moi's Bridge alilipiga harusini mpaka maharusi wakasahau kula. Mwanawe Wakoli akawa mtunzi wa muziki wa filamu, jina likavuma.

"Muziki wako ni chumvi," mzee alimwambia siku moja. "Inakoleza, lakini nani husema amekula chumvi?"

Neno hilo lilimkaa Wakoli rohoni. Akatunga muziki wa nyuzi tupu, bila picha: fidla mbili, ya tatu nono kidogo, na selo, ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Jumapili alasiri akawaalika watu kwenye ukumbi wa kanisa, Kapsoya. Babake naye alikuwamo, na moyoni Wakoli aliapa: Papa akitoka kabla ya mwisho, nyuzi siandikii tena.

Kabla ya kuanza, alimtuma Joy, mshereheshaji, awaonye watu: hakuna makofi, hakuna kusema, hadi mwisho kabisa. Ndivyo alivyoona wakifanya Nairobi.

Wakapiga sehemu ya kwanza. Kimya. Ya pili, hata kikohozi hakuna. Wakoli alisimama nyuma, shati limemganda mgongoni. Kwao ala ikinoga watu hawanyamazi. Wakinyamaza, jua wanangojea ugali. "Nimekwisha," akajisemea.

Sehemu ya tatu, selo ikaanza kujibizana na fidla kama litungu na mwimbaji wake. Mzee Wabuge akachukua kofia, akainuka. Wakoli akafumba macho asimwone akitoka.

Mlango haukulia. Alipofumbua macho, mzee alikuwa mbele, mabega yanacheza, anamchomekea Jerop, mpiga selo, noti ya pesa kwenye nywele, vile wapigaji hutuzwa kwao. Jerop akatabasamu, upinde usisimame. Mama Nasambu, mke wa mzee, akapasua kigelegele, na ukumbi mzima ukamfuata.

Baadaye, nje, Wakoli alisema, "Papa, nilidhani unaenda zako."

"Niende wapi? Si ni wewe ulitufunga midomo kama ndama wa kuachishwa kunyonya! Nimevumilia wee, nikashindwa."

"Na ile chumvi?"

"Wacha chumvi. Leo umetuchinjia."

Wakoli akaketi kwenye ngazi akicheka, akamwomba mamake mandazi. Tangu asubuhi hakuwa amemeza kitu.