Mlango Ambao Hakuambiwa

Adhuhuri, MaNgema akimimina maziwa ya mgando juu ya ugali, mlango wa msonge uligongwa mara mbili.

"Kafungue," alisema MaKhoza, mama mkwe wake, bila kuinuka mkekani.

"Ni upepo tu, Mama."

"Upepo gani huo unaojua saa ya kula? Miezi miwili sasa unagonga! MaNgema, mwanangu ulimleta sawasawa kweli?"

Mumewe alifia hospitali, Johannesburg. MaNgema ndiye aliyekwenda na tawi la mkunazi kuichukua roho yake, kama ilivyo ada. Alimlipia kiti chake kwenye basi. Njia nzima hakuzungumza na mtu ila yeye: tunatoka mlangoni, baba Lindani, tunapanda, sasa tunavuka mto Thukela. Kila mlango alimwambia, isipokuwa huu wa nyumbani. Hapa aliinama akaingia kimya, akalilaza tawi ukutani kwa nyuma, mahali pa mizimu, na watu wote wakaridhika.

Wala hakusahau. Mume akishaingizwa ndani huwa mzimu wa ukoo mzima, kila mtu anamwomba lake. Yeye alitaka abaki wake kidogo, hata kama ni wa kugonga mlango.

"Sikumwambia tumefika, Mama," alisema. "Nilishindwa kumwachia."

MaKhoza alikaa kitako. "Umemwacha mtoto wangu juani? Mimi leo au kesho nakwenda huko kwa mizimu. Nimkute wapi, kizingitini?"

MaNgema aliona haya hadi masikio yakamwaka. Alilichukua lile tawi lililokauka, akatoka, akasimama mbele ya mlango ule mfupi.

"Baba Lindani, tumefika. Huu ndio mlango wa kwenu. Inama usijigonge, uingie."

Ubaridi ukampitia begani, na harufu ya dawa za hospitali. Ndani MaKhoza alicheka huku analia. "Ala! Umekonda hivyo, mwanangu?"

MaNgema aliingia nyuma ya mumewe. Alitaka kumwuliza kama tumbo bado linamsumbua usiku. Lakini mkwewe alikwishapiga magoti, akamvuta sketi.

"Shuka chini, mke wa mwanangu. Mwombe mvua, mahindi yanakauka."

MaNgema akapiga magoti, akaomba mvua.