Nyaruai wa Bungoma

Gathii alinipata kwa maneno. Wanaume wengine hapa Bungoma humtongoza mtu kwa chipsi na soda. Yeye alinitongoza kwa wazungu waliokufa karne nyingi zilizopita. Alikuwa mwalimu wetu wa falsafa katika chuo kimoja hapa mjini, mtu mwembamba mwenye sauti ya pole, na muhula ule alitufundisha jinsi wazee wa Ulaya walivyobishana juu ya mwanadamu. Je, ni mnyama wa kufungwa kamba, au ni kiumbe mwema aliyeharibiwa na wenzake?

Kulikuwa na Mwingereza aliyeishi wakati wa vita, tukampa jina la Mzee wa Hofu. Huyo alisema ukiondoa serikali, watu watararuana hadi wa mwisho. Kulikuwa na Mwingereza mwingine, mpole kidogo, aliyesema mtoto huzaliwa akili yake ikiwa tupu, na sisi wakubwa ndio tunaoijaza. Halafu kulikuwa na Mswisi. Ah, huyo Mswisi! Gathii akimfikia, alikuwa anavua koti, anakaa juu ya dawati, sauti inashuka. Mswisi alisema mtu huzaliwa mwema. Alisema mtoto akilelewa mbali na mji, katikati ya miti na mifugo, bila viboko na bila kukaririshwa, wema wake utabaki naye. Aliandika mambo mengi sana juu ya kulea.

Rafiki yangu Lorraine, niliyekaa naye dawati moja, ana mdomo. Aliinua mkono akauliza, "Lakini mwalimu, si ni huyo alipeleka watoto wake wote kwa makao ya watoto wa kuokotwa?"

Darasa lilicheka. Gathii naye alicheka, akakubali kwamba ni kweli, mzee alizaa na kuwatoa mmoja baada ya mwingine, lakini wazo la mtu lisipimwe kwa maisha yake. Lorraine akataka kuendelea, nikamkanyaga mguu anyamaze. Nilikuwa nimeshapenda, na jibu lile nililiona zuri kuliko yote niliyowahi kusikia.

Sitaeleza tulivyofika mahali tulipofika. Watu wazima wanajua. Mtoto wetu alizaliwa mwezi wa mvua nyingi, barabara ya kwetu ikiwa tope tupu. Gathii alikuja hospitalini viatu vimejaa matope, akambeba, akamtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Tumpe jina ya mama yangu. Aitwe Nyaruai."

Nililia kwa furaha, na nina sababu. Gathii ni Mkikuyu. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba nje ya Kitale. Yeye mwenyewe alikuwa amenieleza kwamba kwao msichana wa kwanza wa kila mke huchukua jina la mama ya baba. Lakini ni wa mke. Mwanamke akizalia kwa wazazi wake bila kuolewa, mtoto huitwa kwa jina la upande wa mama, na hakuna atakayeuliza zaidi. Kwa hiyo jina lile kwangu lilikuwa wazee, ng'ombe na pete kwa pamoja. Nilijihesabu nimeolewa pale pale kitandani, nikiwa bado nimevaa gauni la hospitali.

Mama yangu hakunihesabu hivyo. "Jina imekuja," alisema. "Ng'ombe ziko wapi?" Akaongeza kwamba sisi Wabukusu mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Nafula, hahitaji kuombewa jina kwa watu. Tangu siku hiyo alimwita Nafula. Mimi nilimwita Nyaruai, kwa sauti, hasa majirani wakiwa karibu. Mtoto akawa anaitika kote kuwili: kwa mama yangu, kukhu wake, yeye ni Nafula, kwangu ni Nyaruai.

Nilipomuuliza Gathii wazee wake watakuja lini kwetu, alinijibu kwa somo la darasani. Yule Mwingereza mpole alikuwa amesema kwamba watu huingia katika makubaliano ya kuishi pamoja bila kuapa mahali popote. Kunyamaza na kuendelea kuishi humo kunatosha kuwa kukubali. "Sisi tulishakubaliana," Gathii alisema, akinishika shingo taratibu. Nami, msichana mwenye mdomo nyumbani na sokoni, nikanyamaza.

Mtoto alipoanza kukimbia na kuongea vizuri, nikiwa naingia mwaka wa mwisho, Gathii alikuja na mpango. Nimpeleke Nyaruai kwa mama yake Gathii, Kitale. Huko kuna shamba, kuna maziwa, kuna hewa. Hapa mjini kuna nini isipokuwa bodaboda na matusi? Mtoto akue kama maumbile yanavyotaka. Mimi nimalize masomo bila kubeba mtoto mgongoni, halafu Desemba yeye ataleta wazee kwetu, waje kwa heshima, jambo liishe.

Nilikataa. Nikalia, nikakataa tena. Lakini Gathii hakuwahi kugombana na mtu. Alikusubiri tu, kwa upole, mpaka ukajiona mjinga. Nilimtaka mtoto wangu na nilimtaka Gathii, na nikaambiwa njia ya kuwapata wote wawili ni kumwacha mmoja kwa muda. Basi nikafunga nguo zake kwenye mfuko.

Mama alimsuka mtoto asubuhi ile. Alipomaliza, alimwambia yeye, si mimi: "Nafula, umuangalie mama yako." Gathii hakutusindikiza. Alisema ana mitihani ya kusahihisha.

Shamba lilikuwa mwendo mfupi kutoka barabarani, limezungushiwa michongoma iliyokatwa vizuri. Mama mzee mwenye sweta na kitambaa cha kichwa alikuwa anageuza mahindi yaliyoanikwa juani juu ya turubai. Aliponiona na mtoto, aliacha kazi, akaja, akampokea kutoka mikononi mwangu kabla sijamaliza kumsalimia. Hakuniuliza mimi ni nani. Hilo lilipaswa kunishtua, lakini niliona ni upendo.

"Wewe ni wa wapi?" aliuliza tulipokaa.

"Bungoma, mama."

"Ee. Bungoma." Alisema kama mtu anayekumbushwa kitu alichokuwa anakingojea.

Niliuangalia ule uwanja, na kusema kweli ulinifurahisha. Miti ilikuwepo, ndama alikuwepo, kuku walikuwa wakichokora kila mahali. Mtoto wangu alishuka akawafuata kuku, anacheka. Nikaanza kuufariji moyo wangu. Nikajiambia labda Mswisi alisema kweli.

Mama mzee akaita, "Nyaruai! Leta kikombe ya mgeni."

Mtoto wangu aligeuka. Nikacheka, nikidhani bibi anamtania mjukuu. Lakini jikoni alitoka msichana wa umri wa shule, kikombe mkononi, na nyuma ya ghala akatokea mwingine mdogo kuliko yeye, anajifuta mikono kwenye gauni. Wote watatu walisimama wakimtazama bibi, kila mmoja akingoja kujua ni yupi aliyeitwa. Na wote watatu walikuwa na paji la uso la Gathii, lile pana, lenye mshipa katikati.

Mama mzee aliona macho yangu. "Hakukuambia," alisema. Halafu akawaonyesha kwa kidole, bila haraka. "Huyu mkubwa ni wa Chepchumba wa Cheptais. Huyu ni wa Sandra wa Tongaren. Nikitaka mmoja peke yake, nataja na kwao. Wako ataitwa Nyaruai wa Bungoma."

Nilimuuliza kama hao wanawake wameolewa na Gathii. Alitikisa kichwa. Alisema wa kwanza alipokuja, yeye alifurahi, akachinja kuku, kwa sababu jina lake haliwezi kupewa mtoto wa mtu ambaye si mke wa kijana wake. Aliandaa hata wazee. Gathii hakuja. Wa pili alipokuja, hakuuliza tena.

"Nitamfukuza aje mtoto na amebeba jina yangu?" alisema. "Ni kama kujifukuza mimi."

Kumbe sisi wote tulikuwa tumeshikwa kwa kitu kimoja. Sisi tuliona jina tukadhani ni ndoa, na yeye aliona jina akashindwa kufunga mlango. Gathii hakuhitaji makao ya watoto wa kuokotwa. Alikuwa na mama.

Kisha mama yule akasema neno ambalo bado linanichoma. Alisema Gathii alizaliwa mtoto mzuri. Akiona ndege ameumia bawa, analia mpaka ndege apone au afe. Hakupigwa, kwa sababu hakuwa na kosa la kupigiwa. Alichunga ng'ombe hapa hapa, akapanda miti hii hii. "Mimi sijui ni wapi aliharibikia," alisema, na machozi yakamtoka, akayaacha yateremke tu. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Hakuna kitu Mswisi aliagiza ambacho mama huyu hakumfanyia mwanawe.

Nilipotazama kando, mfuko wa nguo haukuwepo. Msichana mkubwa alikuwa ameuingiza ndani. Nilimfuata chumbani nikamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku la mbao, amesukuma nguo zake upande mmoja, anapanga za mtoto wangu upande wa pili, sweta chini, gauni juu. Alikuwa akizikunja vizuri kuliko mimi. Mwingine alikuwa amekaa kitandani akimwonyesha mtoto wangu mahali pa kulala, karibu na ukuta.

"Anakojoa kwa kitanda?" msichana mkubwa aliuliza.

Nikamwambia mara moja moja.

"Si mbaya. Huyu wa Tongaren alikuwa anakojoa, akaacha." Alifunga kifungo cha sweta dogo, akalilaza. "Na wewe utakuja Krismasi?"

"Kwa nini Krismasi?"

"Mama yangu alisema Krismasi. Mama yake huyu pia alisema Krismasi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtoto anayekutajia siku ya soko. Nilikaa kitandani nikalia kama mtu aliyefiwa, na wale watoto wawili wakanitazama kwa subira, kwa sababu walikuwa wameona mwanamke akilia kwenye kitanda kile kabla yangu.

Nilipotulia, nilitoa nguo sandukuni nikazirudisha mfukoni. Msichana alinisaidia, akikunja upya zile nilizokunja vibaya. Kisha akarudisha zake katikati ya sanduku.

Mama mzee hakunizuia. Alisema, "Enda na yeye. Mimi nimezeeka, na hawa bado wadogo." Aliniambia nikimbadilisha jina hatakasirika, maana jina halikuwa na kosa, na mtoto hana kosa. Akajitemea mate kidogo kifuani, jinsi wazee wao wanavyobariki, akamshika mtoto kichwa. Nilimwambia asante, mama.

Wasichana walitusindikiza hadi langoni. Tulikuwa tumeshatoka, tuko nje ya michongoma, bibi alipoita kutoka uwanjani, "Nyaruai! Ndama amefunguka!" Wale wawili wakakimbia. Na wangu akaanza kuhangaika mgongoni mwangu, anasukuma kwa magoti, anataka ashuke, kwa sababu naye alikuwa ameitwa. Nilimshika kwa nguvu hadi akalia.

Gathii alipiga simu nikiwa mjini Kitale, nangoja gari la kurudi. Aliniuliza kwa sauti ile ile kama nimefika salama, kama Nyaruai amepapenda.

Nikamuuliza, "Gathii, watoto wako wanaitwaje?"

Alinyamaza. Nilisikia pumzi yake, nikasikia na mtu akimsalimia huko aliko, lakini yeye hakusema lolote. Ndiye aliyenifundisha kwamba kunyamaza ni kukubali, kwa hiyo nikakata simu.

Nampenda hata sasa. Nalisema waziwazi kwa sababu watu hudhani ukishajua ukweli, mapenzi yanakwisha kama taa stima ikipotea. Hayaishi. Lorraine aliniuliza kama nitaenda kumwaibisha darasani, nikamwambia hapana. Angejibu kwa upole, na darasa lingecheka.

Jioni ile mama yangu alikuwa nje akipepeta maharagwe. Aliita tu, "Nafula," na mtoto akamkimbilia, akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya ungo. Nikaona nami nianze. Nikasimama mlangoni nikaita, "Nafula." Hakugeuka. Nikaita tena. Alijua jina, lakini alijua pia kwamba halitoki mdomoni mwangu, akaendelea kuchezea maharagwe.

Basi nikaita polepole, mama asisikie, "Nyaruai." Aligeuka papo hapo, akaja mbio, mikono imefunguka. Nilimwinua nikalia tena, maana kule Kitale wamebaki wawili ambao wakiitwa hivyo hugeuka, na si mama zao wanaowaita.