Godoro la Wangeci

Nimepangisha nyumba Kawangware miaka thelathini na wapangaji wa kila aina nimewaona, lakini mtu wa kupanda paa langu ili aanike vumbi sikuwahi kumwona hadi Anwar alipokuja. Kijana wa Kibera, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Nilimruhusu ili nipate cha kucheka.

Aliweka sahani mbili za kioo. Moja aliiacha juani, nyingine akaitilia kivuli kwa kitambaa cheusi. Kiangazi hicho upepo ulileta vumbi la jangwa la kaskazini, likatua humo pamoja na moshi wa magari na wa taka zinazochomwa.

"Mzee, moshi ikishikana na hiyo vumbi, jua ndiyo inaiamsha," alisema. "Inageuza gesi ya moshi inakuwa asidi. Kwa kivuli, ni kidogo tu."

"Jua linaua viini. Mama yako hakukufundisha? Ama huko Kibera jua halifiki?"

Akainamia sahani zake. Nikaona nimemmaliza.

Kando ya sahani zake ndipo nilipoanika godoro la Wangeci, mjukuu wangu wa miaka saba, aniitaye Guka, babu kwa Kikuyu. Kifua chake hubana kila kiangazi, na dawa yangu ilikuwa hiyo: saa sita, jua kali, godoro paani. Alipozidiwa, nilianika na blanketi pia. Alipozidi kuzidiwa, nikamlaumu mama yake, daktari na uji wa shule.

Wiki ya tatu Anwar alirudi na karatasi za kupimia asidi. Akalowesha vumbi la kivulini, karatasi haikubadilika. Akalowesha la juani, ikawa nyekundu.

"Mambo ya darasa la saba," nikasema.

Alikuwa akiliangalia godoro.

"Pima basi," nikamwambia, "uone kitu safi."

Akapangusa godoro kwa pamba yenye maji, akaigusisha karatasi. Ikawa nyekundu kuliko ile ya kwanza.

Uani, Wangeci alikuwa akikohoa. Kila mchana nilikuwa nikiupika ugonjwa wake kwa mikono yangu, kisha nikimlaza juu yake. Wajinga wote waliowahi kupanda paa hili, mkubwa wao hakutoka Kibera. Niliona aibu.

"Shika huko, kijana. Tulishushe."

Wangeci akainua uso, mkono kifuani.

"Guka, mbona mnaitoa? Si jua bado iko?"