Kihariri Kinachouliza

Mkuu wa ofisi hakurudia neno. Kabla ya kufunga kazi leo, wachague kihariri kimoja, programu ya kuandikia msimbo wa kompyuta. Wafanyakazi wapya wanakuja, na yeye hana nguvu za kuwafundisha dini mbili.

Kasi, jina alilopewa kwa sababu ya wepesi wa vidole vyake, alikuwa na chake. Cheusi, chepesi, hakina kitufe wala picha, kinafunguka kabla hujapepesa jicho. Aliishi nacho tangu alipoweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake ya kwanza, akakikata na kukishona kama suti mpaka kikamkaa mwilini. Kukiacha kulikuwa kuanza kutambaa upya, tena mbele ya wageni.

Mkabala naye aliketi shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa, aliyemtangulia kazini na kumpigia debe akaajiriwa. Chake kilikuwa na madirisha, rangi na vitufe, na kila kikifunguka feni ya kompyuta iliguna.

"Hicho chako, shemeji, kinataka kusukumwa kama gari bovu," Kasi alisema.

"Na chako kinataka mganga. Mtu akiingia, kutoka mpaka aite ukoo."

"Mwenye nyumba hatafuti mlango."

"Haya, mwenye nyumba. Tutaona nani atalala nje."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamechomana hivyo tangu asubuhi, na maneno yalikuwa yameanza kuacha alama.

Ndipo binti wa mapokezi alipochungulia, simu sikioni. "Madereva hawapati kitu. Kuna mama ana uchungu, mumewe anauliza gari liko wapi."

Programu yao ndiyo iliyopokea wito wa wagonjwa na kuupeleka kwenye simu za madereva. Sasa wito uliingia na kuzama kama jiwe kisimani.

Siku nyingine wangeulizana kwanza nani anashika faili gani. Leo kila mmoja aliingia kivyake kwenye seva, kompyuta kuu inayoendesha programu.

Kasi aliliona kosa upesi: sehemu inayopokea wito ilikuwa inasoma anwani vibaya. Akarekebisha, akahifadhi, akaiwasha programu upya. Hakuna wito uliotoka.

"Wito umeenda kwa dereva mmoja," shemeji alisema baada ya kitambo. Kisha uso ukamkunjamana. "Hapana, umekatika. Nilishatengeneza sehemu ya kutuma, mbona imerudi kama ilivyokuwa?"

Akaandika tena. Kasi naye akakuta rekebisho lake limetoweka. Akalirudisha kwa hasira, akahifadhi. Wito ukazama tena.

"Bado anauliza," binti alisema mlangoni. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Mkuu akaja akasimama nyuma ya shemeji, na Kasi akazunguka meza kuja kutazama. Kwenye kioo cha shemeji kulikuwa na kisanduku cha onyo, naye alikuwa anakifunga kwa 'ndiyo' bila kukisoma, kama mtu anayefukuza nzi.

"Hilo dubwana lako limeharibika," mkuu akamwambia. "Lifunge. Mwachie Kasi peke yake."

Moyo wa Kasi uliruka. Ameshinda, bila hata kuomba kura. Lakini macho yake yalikuwa yameshanasa maneno ya kile kisanduku: faili hili limebadilishwa na mwingine tangu ulifungue, uandike juu yake?

Mwingine nani?

Kihariri cha Kasi nacho kilikuwa na swali hilohilo. Alilizima mwenyewe zamani kwa sababu lilimchelewesha, na akajisifu kwalo. Walikuwa ndani ya faili moja, kila mmoja na nakala yake, na kila alipohifadhi alifuta kazi ya shemeji bila kuulizwa, na shemeji akifunga onyo alimfutia yeye.

Akinyamaza, kihariri ni chake. Lakini sehemu ya kutuma hakuijua. Aliyeijua alikuwa ameshaanza kufunga dirisha.

"Usifunge," Kasi alisema. "Halijaharibika. Ni mimi ninayekufutia."

"Wewe?"

"Tunaandika juu ya faili moja. Changu hakiniulizi, nilikikataza. Mimi sigusi tena kibodi yangu. Lisome faili upya, anza na sehemu yako, nitakutajia yangu."

Akavuta kiti mpaka ubavuni pake. Shemeji hakumtazama, aliandika. Kasi akataja mistari yake mmoja mmoja, mikono ameikalia. Shemeji akahifadhi. Safari hii hakuna kisanduku kilichotokea.

Wakangoja.

"Dereva amejibu," binti alisema. "Yuko njiani."

Shemeji akashusha pumzi ndefu. Mkuu akajikuna kidevu. "Kwa hiyo kipi?"

Kasi alitazama dirisha lake jeusi upande wa pili wa meza, suti yake.

"Cha shemeji. Kinauliza."

"Na mimi nilikuwa sikijibu," shemeji alisema. "Shika kipanya, mwenye nyumba. Polepole, hakiumi."

Akakishika vibaya, na vidole vyepesi kuliko vyote ofisini vikaanza kutambaa.